Livingstone alikufa amepiga magoti, wapagazi wakambeba hadi pwani

Usiku wa kuamkia Mei 1, 1873, katika kijiji cha mtemi Chitambo kusini mwa Ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia, mgonjwa aliyelala ndani ya kibanda cha nyasi alisikia makelele kutoka mashambani. Akamuuliza Susi, mtumishi wake, kama wanaopiga kelele ni watu wa msafara. Susi akamjibu kuwa ni wanakijiji wanafukuza nyati wasiharibu mtama. Baada ya kitambo mgonjwa akauliza tena, safari hii kwa Kiswahili, ni siku ngapi kwenda Mto Luapula. Susi akasema anadhani ni siku tatu.

Siku hizo tatu David Livingstone hakuzipata. Kabla hakujapambazuka, kijana Majwara, aliyewekwa kumwangalia, alimkimbilia Susi akiwa na hofu. Susi akaenda pamoja na Chuma na wenzao wachache. Ndani ya kibanda mshumaa ulikuwa bado unawaka, umegandishwa kwa nta yake juu ya sanduku. Mgonjwa hakuwa kitandani. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kimeinamia mto, uso umefunikwa kwa viganja. Wakasimama kimya wakidhani anasali. Mmoja alipomsogelea na kumgusa shavu, lilikuwa limepoa.

Kufa mtu akiwa amepiga magoti, peke yake, usiku wa manane, ni jambo la nadra, na ndilo lililosimuliwa sana Ulaya. Lakini la ajabu zaidi katika kifo hiki lilianza kulipokucha, na halikufanywa na mzungu yeyote. Lilifanywa na wapagazi.

Uamuzi wa asubuhi moja

Livingstone alikuwa na umri wa miaka 60. Aliondoka karibu na Tabora Agosti 1872 kutafuta chanzo cha Mto Nile, akaingia kwenye vinamasi vya Bangweulu wakati wa masika. Alikuwa akiharisha damu kwa muda mrefu, na siku zake za mwisho alibebwa kwenye kitanda cha miti. Msafara wake ulikuwa na watu kadhaa wa kila asili: Abdullah Susi wa Shupanga, kando ya Mto Zambezi, James Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani mwaka 1861 akiwa mtoto, Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyekombolewa na kusomeshwa India, Halima, aliyekuwa mpishi, Ntaoeka, mke wa Chuma, na wengineo wengi.

Asubuhi ile watu hao walikuwa na kila sababu ya kumzika bwana wao palepale na kurudi makwao. Pwani ilikuwa mbali, zaidi ya kilomita 1,500. Tena katika nchi walizopaswa kupita, maiti ilihesabiwa kuwa mkosi, na mtemi angeweza kuwatoza faini kubwa au kuwazuia kabisa. Hata hivyo walikaa, wakashauriana, wakaamua wampeleke kwao.

Upo pia ukweli ambao naamini haukuwatoka akilini. Miaka michache nyuma, wapagazi kutoka Nzuwani, katika visiwa vya Komoro, walimtoroka Livingstone, wakafika Unguja na kudai kwamba ameuawa. Ulikuwa uongo, na ulikuja kugundulika. Baada ya hapo nani angemwamini mpagazi aliyerudi pwani mikono mitupu, akisema bwana amefariki kwa maradhi? Walihitaji ushahidi usiopingika, na ushahidi wenyewe ulikuwa mwili.

Chumvi, jua na gome la mti

Kwanza waliomba ruhusa ya kujenga nje ya kijiji bila kutaja msiba. Chitambo alipopata habari hakuwafukuza wala hakuwatoza. Alikuja na watu wake kuomboleza, ngoma zikapigwa, na wapagazi wakafyatua bunduki kwa heshima.

Wakajenga boma dogo la miti imara, lisilo na paa, ili jua liingie na fisi wasiingie. Kazi ya kuupasua mwili ilimwangukia Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari Unguja na alikuwa ameona jinsi maiti inavyochunguzwa. Wenzake walishika blanketi kumsitiri. Ndani ya tumbo alikuta bonge kubwa la damu iliyoganda. Moyo na matumbo viliwekwa kwenye mkebe wa bati na kuzikwa palepale, na Wainwright akasoma sala za maziko kutoka kitabu chake.

Baada ya hapo mwili ulitiwa chumvi, uso ukapakwa pombe kali, ukaanikwa juani siku 14. Kila siku waliugeuza ukauke pande zote. Ulipokauka, wakaikunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakauvingirisha nguo, wakauingiza ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, kisha wakaushonea turubai na kuufunga kwenye mti wa kubebwa na watu wawili. Wainwright akachonga jina la marehemu kwenye mti mkubwa wa mpundu uliokuwa karibu, na Chitambo akaahidi kupalilia pale, moto wa nyika usije ukauunguza.

Hayo yote waliyafanya bila daktari, bila padri, na bila kuamriwa na mtu.

Robota la uongo

Safari haikuwa ya heri tupu. Siku za mwanzo tu wengi waliugua, na watu kadhaa wa msafara walifia njiani. Katika kijiji kimoja ugomvi ulizuka, damu ikamwagika, na wapagazi wakakiteka kijiji chenyewe. Kusifu ujasiri wao kusitufanye tuwasahau waliodhurika hapo.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, Tabora, wakakutana na Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone na sasa akakuta amechelewa. Cameron aliwashauri wamzike Tabora. Njia ya mbele ilikuwa ya hatari, alisema, na kazi waliyokwisha kuifanya ilitosha. Yeye alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Malkia, wao walikuwa wapagazi. Walimsikiliza, wakakataa.

Mbele ya Tabora, mahali palipoitwa Kasekera, hatari ile ikawatokea. Wenyeji walisikia kwamba msafara una maiti, wakasema haipiti. Wapagazi wakatangaza kwamba wamekubali, wataurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Usiku wakautoa kwenye gome, wakaufunga upya ufanane na robota la kawaida la nguo, kama yale yaliyobebwa na kila msafara wa biashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa urefu wa mtu, wakayavika sanda. Watu sita wakalibeba “jeneza” hilo kurudi Tabora, kwa heshima zote, wenyeji wakiwaangalia. Walipofika porini wakatupa mabua huku na kule, wakatawanyika mmojammoja wasiache alama ya njia, wakaungana na wenzao. Robota la kweli likaendelea na safari pwani, na hakuna aliyeuliza lina nini.

Februari 1874, baada ya miezi tisa tangu kifo, waliingia Bagamoyo. Mwili ulipokelewa na mapadri wa Roho Mtakatifu, ukalazwa kwenye mnara wa kanisa lao ambao hadi leo unaitwa kwa jina la Livingstone. Kutoka hapo ukavushwa Unguja kwa meli ya kivita ya Uingereza.

Walioachwa pwani

Hapa ndipo pananiuma. Kaimu balozi wa Uingereza Unguja aliwalipa wapagazi mishahara yao na kuwaachia waende zao. Aliyepata nafasi ya kusafiri na jeneza alikuwa Wainwright peke yake, kwa nauli iliyotolewa na wamisionari. London, mpasuaji Sir William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka ya 1840 na kuunga vibaya. Aprili 18, 1874, Livingstone akazikwa Westminster Abbey, Wainwright akiwa miongoni mwa walioshika jeneza.

Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, maziko yamekwisha, kwa gharama za rafiki wa marehemu. Huko walimsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za Livingstone, na ni kumbukumbu zao zinazotuwezesha leo kujua habari za mshumaa, za mto, na za swali lile la Luapula. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza medali 60 kwa ajili ya watu wa msafara, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Chuma aliongoza misafara mingine, akafa Unguja mwaka 1882. Wainwright alifia Urambo mwaka 1892. Susi alibatizwa mwaka 1886, akaitwa Daudi, jina la bwana wake. Alifia Unguja mwaka 1891.

Jiwe la kaburi la Westminster linasema kwamba marehemu aliletwa na mikono yenye uaminifu. Mikono imetajwa, wenye mikono hawakutajwa. Katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, upo msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti ule wa Chitambo. Wageni huoneshwa na kusimuliwa habari za Livingstone. Watajiwe basi na Susi, na Chuma, na Wainwright, na Farijala aliyeshika kisu, na Majwara aliyeamka usiku, na Halima aliyepika njia nzima. Safari kubwa kuliko zote za Livingstone ilikuwa yao.