Moshi wa Jikoni: Mlima Tunaoupanda Tukiwa Pwani

Leo tunazungumza kuhusu historia. Tutaeleza jinsi wataalamu walivyokuja kugundua, polepole na kwa kuchelewa, kwamba moshi wa jikoni unamdhuru mama mja mzito na mtoto wake. Kwa miaka mingi jambo hili halikuandikwa popote, kwa sababu moshi ulikuwa jikoni, na jikoni walikuwa wanawake.

Hebu tuanze mbali kidogo, huko milimani, kisha turudi nyumbani.

Hewa ya mlimani

Sisi tunaoishi Msambweni tuko kando ya bahari. Hapa hewa ni nzito na ina oksijeni ya kutosha. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa ambayo mwili unaihitaji ili uishi. Mtu akipanda kwenda juu, hewa inakuwa nyepesi. Kila pumzi anayovuta inampa oksijeni kidogo kuliko pumzi ya pwani. Ndiyo sababu mgeni anayepanda Mlima Kenya huhema na kuumwa na kichwa.

Je, mtoto aliye tumboni anapata nini huko juu? Yeye havuti hewa. Anapata oksijeni kutoka kwenye damu ya mama yake kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mama akipata kidogo, na mtoto anapata kidogo. Mwaka 1957 madaktari wa jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha habari za watoto waliozaliwa Leadville, mji ulio kiasi cha mita 3,100 juu ya bahari. Watoto hao walizaliwa na uzito mdogo kuliko wenzao wa sehemu za chini. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba, kwa wastani, uzito wa mtoto hupungua kiasi cha gramu 100 kwa kila mita 1,000 za kupanda.

Mama msikilizaji, huenda ukasema: hayo ni ya watu wa milimani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu kuna njia nyingine ya kumnyima mtoto oksijeni bila kupanda mlima wowote. Njia hiyo ni moshi.

Moshi unavyofanya kazi ya mlima

Kuni au makaa yanapowaka bila kupata hewa ya kutosha, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard alieleza katika miaka ya 1850 kwamba gesi hii huingia ndani ya damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Katika miaka ya 1890, Mskoti John Scott Haldane aliichunguza zaidi kwa sababu ilikuwa ikiwaua wachimbaji wa makaa ya mawe. Leo tunajua kwamba gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara zaidi ya 200. Ikishika, haiachii haraka. Na katika damu ya mtoto aliye tumboni hukaa muda mrefu zaidi kuliko katika damu ya mama.

Kwa hiyo mama anayepuliza moto katika jiko lililofungwa ni kama mtu anayepanda mlima, ingawa yuko hatua chache tu kutoka baharini. Pamoja na gesi hiyo kuna chembe ndogo mno za masizi, ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu na nyingine hufika kwenye damu. Hizo ndizo zinazofungua mlango wa nimonia kwa watoto wachanga.

Jikoni palisahauliwa

Angalieni jambo hili la kusikitisha. Habari za gesi hiyo kwenye migodi zilijulikana tangu karne ya 19. Lakini ilipita miaka mingi kabla ya watafiti kuingia jikoni. Mmoja wa wa kwanza barani Afrika alikuwa daktari G. O. Sofoluwe wa Lagos, Nigeria. Mwaka 1968 alichapisha vipimo vya moshi katika nyumba za watoto wachanga waliougua kifua. Hapa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti walipima hewa ndani ya nyumba za nyanda za juu na za nyanda za chini. Za juu zilikuwa na moshi mwingi zaidi, kwani kwenye baridi watu huwasha moto na kufunga nyumba. Hivyo mama wa huko alibeba mizigo miwili: hewa nyepesi na moshi.

Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati jijini Nairobi. Baada ya hapo likaja lile jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, lililobuniwa kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand. Wengi wetu tunalo. Lilikuwa jambo jema, kwani lilipunguza makaa yanayotumika na gharama ya nyumba. Lakini shabaha kubwa wakati huo ilikuwa kuokoa misitu. Kifua cha mama hakikuwa mbele. Na makaa, ingawa hayatoi moshi mwingi wa kuonekana, hutoa kaboni monoksaidi nyingi. Hapo ndipo watu hudanganyika. Wakiona hakuna moshi, wanadhani hakuna hatari.

Laikipia, Guatemala na Rwanda

Kati ya mwaka 1996 na 1999, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia nyumba 55 zenye watu 345 huko Mpala, Laikipia. Walipima moshi jikoni na kuandika nani ameugua kifua. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi, ndivyo alivyougua mara nyingi zaidi, na wanawake walivuta mwingi kuliko wanaume kwa sababu wao ndio wanaokaa karibu na moto. Kulikuwa na funzo jingine pia. Katika jiko lenye moshi mwingi mno, kupunguza kidogo hakuleti nafuu kubwa. Nafuu kubwa huja moshi unapopungua sana.

Kuanzia mwaka 2002 hadi 2004, profesa Kirk Smith na wenzake walifanya utafiti katika milima ya Guatemala, Amerika ya Kati. Zaidi ya nyumba 500 zilihusika. Nusu zilipewa meko yenye bomba la kutolea moshi nje, na nusu ziliendelea na moto wa wazi kwanza, kisha zikapewa meko baadaye. Katika nyumba zenye bomba, nimonia kali kwa watoto wachanga ilipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Lakini nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kuwaridhisha watafiti, kwani moshi bado ulikuwepo.

Baadaye ukaja utafiti mkubwa zaidi, katika nchi nne: Guatemala, Peru, India na jirani zetu wa Rwanda. Akina mama waja wazito wapatao 3,200 walishiriki, na nusu yao walipewa gesi ya kupikia bure. Wale wa Peru walikuwa kando ya Ziwa Titicaca, kiasi cha mita 3,800 juu ya bahari. Matokeo ya uzito wa watoto yalitolewa mwaka 2022. Moshi waliovuta akina mama wa gesi ulipungua sana, lakini uzito wa watoto wao haukuwa na tofauti kubwa na wa wengine.

Msikilizaji, hili lisikukatishe tamaa, wala tusikufiche. Akina mama hao walipewa gesi mimba ikiwa tayari na wiki kadhaa, kati ya 9 na 20. Kondo la nyuma lilikuwa limeshaanza kujengeka. Tena, hewa ya nje bado ilikuwa na moshi wa majirani na wa barabarani. Kwa hiyo, bora jiko safi liingie nyumbani kabla ya mimba kuliko kulisubiri baada yake, na bora lienee mtaa mzima kuliko nyumba moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 5.

Na sisi Msambweni?

Sisi tuna neema ya hewa ya bahari. Lakini tunapika kwa kuni, vifuu, makumbi na makaa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilipikia kuni. Mama hupika huku mtoto amefungwa mgongoni kwa leso, na pumzi ya mtoto iko pale pale ulipo moshi.

Zaidi ya hayo, pwani tuna malaria na minyoo, magonjwa yanayopunguza damu. Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Mama mwenye damu kidogo, na ile kidogo imeshikwa na moshi, mtoto wake atapata nini? Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu na neti yenye dawa ni sehemu ya vita hivi pia.

Gesi nayo ina bei yake. Kodi ya gesi ya kupikia iliondolewa mwaka 2016, ikarudishwa 2021, ikapunguzwa 2022 na kuondolewa tena 2023. Kila kodi ilipopanda, kuna mama aliyerudi kwenye mafiga matatu. Huyo hakurudi kwa ujinga, alirudi kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Akina baba mnaosikiliza, mtungi mdogo wa kilo 6 usihesabiwe kuwa anasa ya mama. Uhesabiwe pamoja na gharama za kujifungua.

Mambo ya kukumbuka

1. Ukiweza kupata gesi au stima ya kupikia, anza kabla ya kushika mimba.

2. Kama unapikia kuni, pika nje au katika banda lililo wazi. Tumia kuni kavu. Usiwashe moto kwa plastiki wala vipande vya mpira.

3. Mtoto asikae mgongoni wakati wa kupika. Mwachie nyanya, shangazi au dada mkubwa, mbali na moshi.

4. Usilale wala kumlaza mtoto katika chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa, hata wakati wa mvua, na hata mzazi akiwa ndani ya arobaini. Chetezo cha ubani nacho kisiachwe kikiwaka chumbani mwa mtoto mchanga.

5. Epuka koroboi. Moshi wake ni mweusi na chembe zake ni nyingi.

6. Nenda kliniki mapema na umeze vidonge vya damu.

7. Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja, usingoje kukuche.

Nyanya zetu walipika kwenye moshi kwa sababu hakuna aliyewapimia. Sisi tumepimiwa. Hebu leo jioni, kabla ya kuwasha moto, mtazame mtoto yuko wapi na moshi unaelekea wapi.