Mkono wa gia: kuuoanisha na giaboksi mpya katika magari makongwe ya Tana River

Kuoanisha mkono wa gia ni kazi ya ufundi inayofuata gari la zamani linapotolewa giaboksi yake ya asili na kuwekewa ya toleo la baadaye, huku mwenyewe akitaka mkono ubaki mahali pake, sakafuni au kwenye kasha lililo kati ya viti. Kazi hii hutajwa kwa uchache, kwa sababu mazungumzo ya gereji huishia kwenye injini na giaboksi. Haistahili kupuuzwa hivyo. Katika mfumo mzima, mkono ndio sehemu pekee anayoishika dereva, na giaboksi nzuri yenye mkono uliokosewa huchosha kuliko ile kuukuu iliyotupwa kando.

Katika kaunti ya Tana River jambo hili lina uzito wake. Garsen imekaa kwenye njia panda: barabara moja yatoka Malindi, nyingine yapanda Hola hadi Garissa, na ya tatu yapita Witu kuelekea Lamu. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya na wenye takriban kilomita 1,000, hutandaza maji yake hapa kabla ya kuingia Bahari Hindi. Udongo wa delta ni mfinyanzi mzito. Ukikauka hupasuka, ukilowa hushika gurudumu lisizunguke. Lami ya barabara kuu imepunguza mateso, lakini haikuyamaliza. Mafuriko ya El Niño ya Novemba 2023 yalifunika barabara ya Lamu pale Lango la Simba na magari yakakwama pande zote mbili. Nje ya lami, kwenye njia za kwenda mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma, anayekwama hujinasua kwa gia mbili tu: gia nzito na rivasi. Zote mbili lazima ziingie pale zinapotakiwa.

Magari yanayohusika zaidi katika eneo la namna hii ni Land Rover za Series na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, na Series III, ya mwisho katika ukoo huo, ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nchini Kenya ziliunganishwa na kiwanda cha Leyland Kenya kilichokuwa Thika. Land Cruiser za 40 zilianza 1960 na kukoma 1984. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo wakongwe hawa hawapati wenzao wa kuvuliwa vipuri kutoka ng'ambo. Giaboksi yao inapokwisha meno, fundi huangalia magari ya baadaye.

Land Rover ya Series ina mikono mitatu. Ule mrefu uliopinda hubadilisha gia nne. Ule wenye kirungu chekundu huchagua gia nyepesi au nzito za giaboksi ndogo: ukivutwa nyuma, gia nzito inaingia na magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta pamoja na ya nyuma. Ule wenye kirungu cha manjano hushindiliwa chini ili magurudumu ya mbele yavute hata katika gia nyepesi. Dereva aliyeuzoea mpango huu huufanya bila kutazama, usiku, matope yakiwa yamefika kwenye ekseli. Giaboksi ya LT77 ya gia tano, iliyokuja na Land Rover 110 mwaka 1983, inavunja mazoea hayo yote. Ni ndefu zaidi, na mkono wake hutokea nyuma zaidi, kuelekea kisanduku cha viti. Ikifuatana na giaboksi ndogo ya LT230, ile mikono miwili ya rangi inageuka mmoja: mbele na nyuma kwa gia nyepesi na nzito, kushoto na kulia kwa kufunga difu ya kati. Magurudumu yote manne huvuta muda wote.

Kuna mtego mwingine ndani ya ukoo huohuo. Katika LT77 rivasi iko kushoto kabisa, mbele, jirani ya gia ya kwanza. R380 iliyochukua nafasi yake 1994 iliihamishia kulia, nyuma, chini ya gia ya tano. Kwa nje giaboksi hizi mbili zinafanana sana. Anayenunua iliyotumika na aijaribu kwa mkono kabla ya kulipa, kisha achore mpangilio wa gia kwenye dashibodi kwa rangi isiyofutika. Gari la kijiji huendeshwa na watu wengi, na si wote watakaosimuliwa kilichobadilishwa.

Kwa Land Cruiser njia ni nyepesi. Giaboksi ya H55F ya gia tano ni ya Toyota yenyewe na hukaa vizuri mahali pa H42 ya gia nne. Kwa kuwa ni ndefu zaidi, propela ya nyuma hufupishwa na ya mbele hurefushwa, na tundu la sakafu hukatwa upya ili mikono ipite bila kugonga bati.

Sasa mkono wenyewe. Fundi ana njia tatu: kuupinda, kuurefusha au kuufupisha, au kujenga muunganiko wa vyuma utakaouleta mkono mbele hadi mahali pake pa zamani. Kupinda ndiyo njia bora kila inapowezekana, kwa sababu haiongezi kiungo chochote kitakacholegea. Mkono hutolewa kwanza, bushi zake za plastiki na mpira zikawekwa kando, ndipo upashwe moto mbali na tufe lake la chini. Moto ukilifikia tufe, ugumu wa chuma hupotea na mkono huanza kuyumba baada ya muda mfupi. Mkono uliorefushwa huwa mwepesi kusukuma lakini hatua zake zinakuwa kubwa, hata kugonga goti. Uliofupishwa una hatua fupi na hudai nguvu. Upande wa usukani nao uzingatiwe: magari ya Kenya huendeshwa kutoka kulia, na mkono uliopindwa kwa ajili ya dereva wa kushoto humkimbia wa kulia.

Muunganiko wa vyuma una sharti moja ambalo halina msamaha: msingi wake ufungwe kwenye giaboksi, usifungwe kwenye bodi. Injini na giaboksi hukaa juu ya raba na hujipinda pamoja gari linapovuta. Msingi ukiwa kwenye sakafu, sakafu inatulia huku giaboksi ikisogea, na vyuma huitoa gia katikati ya kilima au katikati ya maji. Mafundi wengi hulaumu meno ya giaboksi kwa kosa hili na kuifungua bure.

Giaboksi za otomatiki zina hesabu tofauti, na mfano ulio wazi zaidi uko Marekani, ambako mkono wa kasha la kati ni sehemu ya urembo wa gari. Chevrolet Camaro ya 1967 yenye giaboksi ya Powerglide ya gia mbili ilikuwa na vituo vitano: paki, rivasi, frii, mwendo na gia ya chini. Turbo-Hydramatic 350 ya 1969 ilikuwa na sita. 700R4 ya 1982, yenye gia nne, ina saba. Mkono wa zamani hauna mahali pa kusimama kwenye kituo cha saba. Lakini vituo vya kweli havimo kwenye kasha: vimo ndani ya giaboksi, kwenye sahani yenye meno inayokaliwa na rola ndogo ya springi. Kasha hufuata. Kwa hiyo fundi huanza chini, anahesabu mlio wa kila kituo akiwa na kebo imefunguliwa, ndipo achonge kizuizi cha juu kilingane.

Mwendo wa kebo nao hupimwa. Tuseme wenzo mdogo ulio ubavuni mwa giaboksi una milimita 50 na unazunguka nyuzi 40 kutoka paki hadi gia ya kwanza: unahitaji kebo itembee milimita 34 hivi. Ikiwa mkono wa kasha unavuta milimita 45, wenzo huo urefushwe hadi milimita 66, na usimame wima kwa kebo ukiwa katikati ya safari yake. Swichi inayozuia injini kuwaka nje ya paki na frii irudishwe. Kuiruka ni kuhatarisha aliyesimama mbele ya gari. Katika 700R4 ipo pia kebo ya kanyagio la mafuta inayoamua shinikizo la ndani. Ikirekebishwa vibaya, giaboksi huungua mapema hata kama mkono ni sahihi kabisa.

Kwa otomatiki, kebo inayopindika huruhusu kasha lifungwe sakafuni, jambo ambalo vyuma vigumu havikubali. Hata hivyo, kwa matope ya delta ningependelea giaboksi ya mkono: hutengenezeka kwa zana chache, na gari lenye betri iliyokufa huweza kusukumwa likawaka.

Vumbi na maji ndivyo vinavyomaliza kazi nzuri. Raba inayofunika mguu wa mkono ikipasuka, maji ya mafuriko huweza kupenya ndani na mafuta hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Yakifika hapo humwagwa yote, siku hiyohiyo. Bomba la kupumulia la giaboksi lipandishwe juu, karibu na kioo cha mbele.

Wenye magari haya na wasitupe walichokitoa. Mkono wa asili, tufe lake, bushi, vile virungu vyekundu na vya manjano na kifuniko cha sakafu vipakwe grisi, vifungwe pamoja na kuandikwa vilitoka gari gani na mwaka gani. Giaboksi mpya nayo itachakaa, na fundi atakayeifungua atahitaji kujua gari lilivyokuwa.