Kidonge Kilichotangulia Ushahidi

Mwaka 1775 daktari wa Kijerumani, Melchior Adam Weikard, aliandika sura nzima kuhusu watu ambao mawazo yao hayatulii mahali pamoja. Lawama aliitupia malezi mabaya. Tiba alizopendekeza zilikuwa maziwa yaliyochacha, kuoga maji baridi, kupanda farasi na, kwa yule aliyezidi kuhangaika, kuwekwa peke yake gizani. Miaka 23 baadaye Alexander Crichton, daktari wa Scotland, akaandika kwamba mtu anaweza kuzaliwa na hali hiyo. Hapo ndipo ulipoanza ubishi ambao haujaisha hadi leo: je, ni kosa la mlezi au ni maumbile ya mtoto? Hali hiyo sasa inaitwa ADHD, yaani kukosa umakini, kutotulia na kutenda kabla ya kufikiri, kwa kiwango kinachovuruga maisha ya mtoto. Historia yake imesimuliwa mara nyingi, lakini karibu kila mara ni historia ya mwanafunzi anayeshindwa kukaa kwenye dawati. Mtoto wa umri wa chekechea, mwenye miaka 3, 4 au 5, huachwa pembeni. Dai langu ni kwamba kwa sababu ya kuachwa huko, kwa miongo mingi alitibiwa kwa ushahidi uliokusanywa kutoka kwa watoto wakubwa, na hata ushahidi wake mwenyewe ulipopatikana, haukufuatwa.

Si kwamba hakuna aliyemwona. Mwaka 1932, katika hospitali ya Charité mjini Berlin, Franz Kramer na Hans Pollnow walieleza ugonjwa wa watoto wasiotulia hata dakika moja: wanakimbia chumbani, wanapanda juu ya samani, wanagusa kila kitu bila kumaliza mchezo wowote. Waliandika kwamba dalili huanza mtoto akiwa na miaka 3 au 4 na kufikia kilele karibu na miaka 6. Huo ulikuwa uchunguzi makini wa watoto wadogo wenyewe, na ungeweza kuwa msingi wa kazi kubwa. Lakini madaktari hao walikuwa Wayahudi, na mwaka uliofuata Wanazi walishika madaraka. Kramer aliishia uhamishoni Uholanzi. Pollnow alikimbilia Ufaransa, akakamatwa, na mwaka 1943 akauawa katika kambi ya Mauthausen. Kazi yao haikuendelezwa, na kitovu cha utafiti kikahamia Marekani.

Huko Marekani dawa ilipatikana kwa bahati. Charles Bradley aliongoza kituo cha watoto wenye matatizo ya tabia katika jimbo la Rhode Island. Ili kupiga picha za ubongo, maji ya uti wa mgongo yalitolewa na hewa kuingizwa mahali pake, na watoto walibaki na maumivu makali ya kichwa. Bradley aliwapa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini, akitumaini kuyapunguza. Maumivu hayakupungua sana, ila walimu waligundua kwamba baadhi ya watoto wameanza kusoma kwa bidii wasiyoizoea. Mwaka 1937 alichapisha taarifa ya watoto 30 wenye umri wa miaka 5 hadi 14. 14 kati yao walibadilika kwa namna ya kushangaza shuleni. Baadaye, katika miaka ya 1950, ikaja Ritalin, jina la kibiashara la methilfenideti iliyotengenezwa kwanza na kampuni ya Ciba ya Uswisi mwaka 1944. Mafanikio ya dawa hizi kwa watoto wa shule ni ya kweli na yamethibitishwa mara nyingi. Tatizo lilianza zilipomteremkia mtoto mdogo bila swali kuulizwa. Nchini Marekani baadhi ya dawa za amfetamini ziliidhinishwa kwa watoto kuanzia miaka 3, huku methilfenideti ikiruhusiwa kuanzia miaka 6 tu. Msomaji angedhani ile ya kwanza ilikuwa imepimwa vizuri zaidi kwa watoto wa umri mdogo. Haikuwa hivyo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimesema wazi kwamba kibali hicho kilitolewa enzi ambapo masharti yalikuwa mepesi, bila majaribio ya kutosha kwa umri huo. Methilfenideti, iliyokatazwa kwenye kijikaratasi chake, ndiyo iliyokuja kuchunguzwa zaidi.

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa ikijengwa taratibu, bila kelele za matangazo. Katika jimbo la Oregon, Gerald Patterson na wenzake walikwenda majumbani mwa watu, wakaketi na kuandika kila kilichotokea kati ya mzazi na mtoto. Waliona mzunguko uleule ukijirudia: mzazi anaamuru, mtoto anakataa na kupiga kelele, mzazi anapandisha sauti, mtoto anazidisha, mwisho mzazi anachoka na kuachia. Mtoto amejifunza kwamba kelele zinalipa. Siku nyingine mzazi anachapa, kelele zinakatika, naye anajifunza kwamba kiboko kinalipa, na kesho wote wawili wanaanza kwa sauti ya juu zaidi. Hapohapo Oregon, mwishoni mwa miaka ya 1960, Constance Hanf alianza kuwafundisha akina mama ana kwa ana wakiwa na watoto wao. Mzazi kwanza hucheza na mtoto akimfuata anakotaka kwenda, akimsifu kwa jambo mahususi alilolifanya. Kisha hujifunza kutoa agizo moja fupi kwa wakati mmoja, kupuuza vijitabia vidogo, na kuweka matokeo yaleyale kila mara bila hasira. Kutoka mizizi hiyo zilichipuka programu zinazotumika sasa katika nchi nyingi.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 matumizi ya vichangamshi, yaani dawa kama amfetamini na methilfenideti, kwa watoto wa miaka 2 hadi 4 yalikuwa yamepanda sana. Taifa lilishtuka, na serikali ikagharimia uchunguzi ambao ulipaswa kufanyika miongo mitatu nyuma. Uchunguzi huo, uliochapishwa mwaka 2006 chini ya Laurence Greenhill, uliandikisha watoto 303 wenye umri wa miaka 3 hadi 5 na nusu. Wazazi walianza na wiki 10 za mafunzo. Dawa ilifuata tu pale mafunzo yasipotosha. Methilfenideti ilisaidia, lakini kwa kiasi kidogo kuliko kwa watoto wa shule. Takriban asilimia 11 ya watoto waliacha kwa sababu ya madhara. Waliotumia kwa mwaka mmoja walirefuka kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 20 kuliko ilivyotarajiwa, na uzito wao ukaongezeka kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 55. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto kikaelekeza kwamba kwa umri wa miaka 4 na 5 mafunzo ya mzazi yatangulie. Uingereza inatoa mwongozo kama huo kwa walio chini ya miaka 5.

Wapo wanaosema kila mtoto wa miaka 3 hatulii, basi asubiriwe akue. Kwa wengi hilo ni kweli, na uangalifu wa kutomwita mgonjwa kila mtundu ni wa lazima. Lakini watoto wa uchunguzi ule, ambao dalili zao zilikuwa za wastani hadi kali, walipofuatiliwa miaka 6 baadaye, asilimia 89 bado walikuwa na ADHD. Wengine wanauliza: kumfundisha mzazi si kumrudishia lawama ya Weikard? La. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hali hii ni ya kurithi. Mzazi hafundishwi kwa sababu ameharibu. Anafundishwa kwa sababu mtoto huyu anahitaji ustadi ambao mtoto mwingine angekua bila kuuhitaji.

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa mtafiti aliyeitetea njia hii mwenyewe. Mwaka 2001 Edmund Sonuga-Barke na wenzake, kusini mwa Uingereza, walichapisha matokeo ya watoto 78 wa miaka 3. Wazazi wa kundi moja walifundishwa nyumbani na wataalamu kwa wiki 8, na zaidi ya nusu ya watoto wa kundi hilo walipata nafuu ya maana. Lakini mwaka 2013 yeye na wenzake walikusanya majaribio mengi na kukuta kwamba, dalili zinapopimwa na watu wasiojua nani amepata mafunzo, faida juu ya dalili zenyewe za ADHD hufifia. Jambo hili lisifichwe. Hata hivyo, uchambuzi uliofuata mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa vipimo hivyohivyo ukaidi wa mtoto bado unapungua na malezi yanaboreka. Kwa maoni yangu hayo si madogo, maana mtoto wa miaka 4 haumizwi sana na kutotulia kwenyewe. Anaumizwa na mapigo, kufukuzwa chekechea na chuki inayoota nyumbani.

Ushahidi ukiwa hivyo, mwaka 2016 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliripoti kwamba watoto watatu kati ya wanne wa miaka 2 hadi 5 waliokuwa wakitibiwa ADHD walipewa dawa, na takriban nusu tu walipata huduma yoyote ya kisaikolojia. Kidonge huandikwa kwa dakika chache. Mafunzo yanahitaji mtu, mshahara wake na wiki kadhaa za subira. Kwetu Afrika Mashariki hali ni tofauti. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuingiza methilfenideti katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, likakataa tena mwaka 2021, kwa hiyo hatuwezi kuitegemea, na kwa mtoto wa chekechea dawa hiyo hata hivyo si ya kuanzia. Njia iliyobaki ndiyo ile iliyopaswa kutangulia. Wizara zetu za afya zianze na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, lakini zimfundishe vya kutosha na kumpa muda wa kwenda nyumbani kwa mzazi. Tahadhari hiyo ina sababu: mwaka 2004 Sonuga-Barke na wenzake walichapisha matokeo ya mafunzo yaleyale ya mwaka 2001, safari hii yakitolewa na wauguzi wa kawaida wasio wabobezi, na watoto hawakupata nafuu.