Fahamu gia za gari: kushuka mlima kwa "frii" hakuokoi mafuta

Na Mwandishi Wetu, Nyashimo

Barabara kuu ya Mwanza–Musoma inayopita Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ni tambarare kwa sehemu kubwa. Dereva aweza kufika Lamadi bila kuifikiria sana gia. Mambo hubadilika anapopeleka mzigo Dar es Salaam: baada ya Igunga na Shelui huupanda mlima Sekenke mkoani Singida, na wakati wa kurudi, gari likiwa limesheheni bidhaa, huushuka.

Gia ni magurudumu yenye meno ndani ya giaboksi, kati ya injini na matairi. Hubadilisha kasi ya injini kuwa nguvu ya kuvuta. Katika gia ya kwanza, injini ya gari dogo huzunguka takriban mara tatu au zaidi ili mhimili unaotoka kwenye giaboksi uzunguke mara moja. Nguvu huwa kubwa, mwendo mdogo. Kadiri gia inavyopanda, ndivyo mwendo unavyoongezeka na nguvu ya kuvuta kupungua.

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi ili kuitenganisha injini na giaboksi, kisha huchagua gia mwenyewe. Gari la otomatiki hujichagulia kulingana na mwendo na jinsi mafuta yanavyokanyagwa. Herufi P hulifunga giaboksi, R hurudisha gari nyuma, N ni gia huru na D ni ya kwenda mbele. Magari mengi yana pia L, 2 au B, ambazo hulizuia gari lisishuke kwa kasi. Wengi hawajawahi kuzigusa, ilhali ndizo za mlimani.

Baadhi ya madereva hushuka wakiwa katika gia huru, maarufu kama "frii", wakiamini kuwa wanaokoa mafuta. Imani hiyo ni potofu kwa magari ya kisasa. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, mfumo wa injini hukata mafuta kwa muda. Likiwa huru, injini huendelea kuyatumia ili isizimike. Zaidi ya hayo, katika gia ndogo injini hulishikilia gari. Katika frii uzito wote huangukia breki, nazo zikipata joto kali hupoteza uwezo wa kushika.

Gia ndogo ichaguliwe kileleni, kabla ya kuanza kushuka. Lori lililokwisha kushika kasi huweza kuikataa gia hiyo na kubaki huru katikati ya mteremko.

Mwenye gari la otomatiki azingatie pia kuwa giaboksi lake lina mafuta ya aina maalumu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Likiharibika njiani, lisivutwe kwa kamba huku matairi yanayoendeshwa na injini yakizunguka; linyanyuliwe au libebwe.