Jembe na Kitabu

Msomaji kijana, ukiifuata njia itokayo Eldoret kwenda Ziwa, mwendo wa kilomita 9 hivi, utafika Chepkoilel. Hapo, mwaka 1946, walowezi wa Kizungu walifungua chuo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Kilikuwa chao wenyewe, kwani ardhi nzuri ya Uasin Gishu ilikuwa imetengwa kwa ajili yao. Mwafrika aliyewalimia ngano na kuwakamia ng'ombe aliijua kazi kwa mikono yake, lakini chuo hicho hakikujengwa kwa ajili yake.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1962 vilianzishwa vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ili watoto wa shule wajifunze kilimo na ufugaji kwa kutenda. Chuo nacho kilifanywa cha ualimu mwaka 1984, kikatwaliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1990, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Kilimo kingali kikifundishwa hapo.

Basi ukipewa jembe shuleni, usidhani kuwa ni adhabu. Wazee wetu walipewa jembe wakanyimwa kitabu; wewe unavyo vyote viwili.