Nani Alihamisha Vitabu vya Kusini?

Mwulize kijana yeyote wa leo maana ya neno "chuo". Atakutajia Chuo Kikuu, chuo cha ualimu, labda VETA. Zamani katika pwani yetu chuo kilikuwa ni kitabu. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inalo neno hilo kwa maana hiyo. Mtoto akienda chuoni alikuwa anakwenda kwenye kitabu: anakaa jamvini mbele ya mwalimu, ubao wa mti mapajani, anaandika herufi za Kiarabu, anafuta, anaandika tena. Kwa hiyo anayetuambia kwamba watu wa Kusini hawana utamaduni wa kusoma, eti sisi ni ngoma na korosho tu, naomba aketi kidogo.

Tuanze na Sudi, mji mdogo kati ya Lindi na Mikindani. Enzi za Mjerumani, bwana mmoja Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa gavana na baadaye mwalimu wa Kiswahili kule Berlin, alikusanya maandishi ya wenyeji wa pwani. Mwaka 1907 akachapisha Berlin kitabu cha nathari na mashairi ya Waswahili. Ndani yake zimo habari za kale za Lindi na za Sudi: nani alifika kwanza, nani alitawala, nani aligombana na nani. Baadaye habari hizo zikatiwa Kiingereza, wataalamu wa Ulaya wakazisoma na kubishana juu yake. Na mtoto wa Sudi je? Yeye ana bibi yake. Bibi akifa, basi.

Halafu yupo Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyeitungia utenzi Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Utenzi huo ulitolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Mimi Maji Maji niliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani: sababu tano, matokeo matano, weka kalamu chini. Hakuna aliyenidokezea kwamba mtu wa mji wa jirani aliimba vita hivyo kwa lugha ninayoijua. Ningalijua nikiwa na miaka kumi na mbili, sijui ningekuwa nimeandika nini hadi leo.

Wamisionari nao walileta vitabu vyao. Mwaka 1876 Askofu Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, na kule Unguja tayari alikuwa na mashine ya kuchapia Kiswahili. Baadaye Wabenediktini wakafungua kiwanda cha kuchapa palepale Ndanda. Wengi wa Dar es Salaam hawajui kwamba mkoa wa Mtwara una matbaa yake. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, alipita Ndanda kimasomo kabla ya kwenda Makerere kusoma Kiingereza, akawa mhariri wa magazeti, halafu Rais. Sisemi kila mtoto aliyeona kitabu atakuwa Rais. Nasema huyu alikiona.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma. Uhuru ulikuta taifa la watu wasiojua kusoma. Mwaka 1967 walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima. Mwaka uleule, Desemba, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Kisha ikaja kampeni kubwa ya kisomo, na Masasi ilikuwa mojawapo ya wilaya sita zilizochaguliwa kutangulia, pamoja na Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare na Tarime. Kina mama wenye vichanga mgongoni walikaa chini ya miembe wakiandika a, e, i, o, u. Vikaanzishwa vijimaktaba vya vijiji, yakaja magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho lililoanzia Mwanza. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Dunia ilitupigia makofi.

Sensa ya mwaka 2002 ikaja na hesabu nyingine: wasiojua kusoma walikuwa karibu 3 katika kila 10. Kumetokea nini hapo katikati? Yako mengi, watoto wengi hawakwenda shule wakati uchumi ulipobana. Lakini jambo moja kila mtu wa kijijini atakwambia. Baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda, karatasi iliadimika, magazeti ya vijijini yakafifia, vitabu vya vijimaktaba vikaliwa na mchwa. Huku kwetu lilikuwepo na la Rufiji. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, tulivuka kwa pantoni, na mvua za masika zikichachamaa Kusini ilikatika. Unga na mafuta ya taa vilisubiri ng'ambo, sembuse kasha la hadithi za watoto. Mama aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma. Herufi zikamtoka moja moja.

Kwa mtoto hali ni ngumu zaidi. Mtoto wa Msimbati, pale Mnazi Bay, nyumbani anaongea Kimakonde. Shuleni anakutana na Kiswahili, na kidato cha kwanza anabadilishiwa tena, Kiingereza. Lugha anayoisikia kwa mwalimu peke yake itabaki ya mwalimu. Hadithi aliyoisoma mwenyewe, akacheka mwenyewe, ndiyo inayoifanya iwe yake. Darasa la tatu, katika shule niliyosoma mimi, kitabu kimoja tulizunguka watu watano, na mwenzetu mmoja alizoea kusoma kichwa chini kwa sababu ya mahali alipokaa. Tulimwona hodari! Uwezo walipopima watoto mwaka 2010 walikuta kama 7 kati ya 10 wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Wengi walishangaa. Sisi wa dawati la watu watano hatukushangaa.

Mtwara mjini maktaba ya mkoa ipo, lakini Msimbati iko zaidi ya kilomita 30 kutoka hapo. Kwa mzee anayetegemea nyavu, nauli ya mtoto kwenda kuazima hadithi na kuirudisha si mchezo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Bomba la kuipeleka Dar, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 500, likakamilika 2015, baada ya vurugu na damu ya 2013. Kumbe njia ndefu huwa inapatikana.

Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia hadithi za Kiswahili zichapwe, na kununua sehemu ya nakala kwa ajili ya shule. Ni kazi nzuri. Vijana wenzangu mnaotunga riwaya usiku kwenye madaftari, wasomaji wetu wa kesho wako darasa la pili leo.

Mimi naanza na habari za Sudi na Lindi. Ni kurasa chache, Kiswahili chake ni cha wazee wetu wenyewe. Zinaweza kuchapwa Ndanda kama vijitabu vyembamba, na kutoka Ndanda hadi Msimbati ni mwendo wa siku moja kwa basi.