Jicho la angani lilianza na ngano, leo linatazama hata muhogo

Mwaka 1972, mavuno ya nafaka yalikuwa mabaya katika Umoja wa Kisovieti. Wajumbe wake walikwenda Marekani kimya kimya, wakanunua ngano nyingi kwa bei ya chini kabla wauzaji hawajajua ukubwa wa upungufu. Habari ilipotoka, bei ya nafaka ilipanda duniani. Marekani ikapata somo: asiyejua hali ya shamba la mwenzake hulipa hasara.

Mwaka huohuo, tarehe 23 mwezi wa saba, satelite ya kwanza ya Landsat ilirushwa. Ilibeba chombo kilichobuniwa na mama Virginia Norwood, chenye kupima mwanga unaorudi kutoka ardhini, hata ule ambao jicho la mtu halioni. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi. Likikosa azoti au maji, uwiano huo hubadilika. John Rouse na wenzake wa chuo kikuu cha Texas A&M walitumia tofauti hiyo kutengeneza kipimo cha NDVI. Kuanzia 1974, mradi wa LACIE ulifanya kazi ya kukadiria ngano kutoka angani, na mwaka 1977 hesabu yake ilikaribia sana ile ya Wasovieti wenyewe.

Lakini picha hizo zilikuwa za wenye fedha. Katika miaka ya 1980, picha moja iliweza kupita dola 4000. Ni mwaka 2008 tu ndipo picha za Landsat zilianza kutolewa bure. Mwaka 2015 Ulaya ikarusha Sentinel-2, nayo bure, yenye kuonyesha kipande cha metre 10 kwa 10.

Kwa mkulima wa Congo, kazi haijaisha. Mawingu hufunika mashamba wakati wa mvua, pale mimea inapohitaji kuangaliwa. Katika Kivu mashamba mengi ni madogo, mahindi, maharagwe na muhogo vimechanganyika. Tena, jani la njano halisemi sababu yake: pengine limekosa azoti, pengine maji, pengine muhogo umeshikwa na ugonjwa wa mozaiki, ambao mbolea haiuponyi.

Picha huonyesha mahali pa kwenda kutazama. Kwa hiyo anayekuja kuuza mbolea kwa picha ya satelite peke yake, aulizwe kwanza: umeingia shambani?